Shule shikizi yetu ya Handeni: shajara ya mradi, 2023–2025

Agosti 2023

Kikao cha wazazi kimefanyika chini ya mwembe, pale wanunuzi wa ufuta wanapofunga mizani yao. Uamuzi: mwakani watoto wa awali, darasa la kwanza na la pili hawatavuka korongo kwenda shule mama. Watasomea hapahapa kitongojini. Wakifika darasa la tatu, miguu ikishapata nguvu, wataungana na wenzao kule.

Kwa msomaji asiyezijua shule hizi: shule shikizi si shule ya binafsi wala si tuisheni. Ni tawi la shule ya msingi ya serikali ambalo bado halijasajiliwa. Majina ya watoto yako kwenye daftari la shule mama, vitabu na ruzuku yao vinapitia huko, na mwalimu mkuu ni wa huko. Yanayobaki, yaani jengo, choo, uji na mwalimu wa kila siku, yanawaangukia wazazi. Ziko nchi nzima. Mwaka 2021 serikali ilipopata fedha za IMF za kukabiliana na athari za UVIKO-19, ilitangaza madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi, kila moja shilingi milioni 20. Sisi wakati huo tulikuwa hatuna hata jiwe la msingi la kumwonyesha mgeni.

Kilichotusukuma ni korongo. Vuli ikinyesha maji hayavukiki, na mzazi mwenye akili timamu hamtumi mtoto wa miaka sita apime kina kwa fimbo. Matokeo yake watoto wanaanza darasa la kwanza na miaka minane au tisa, umri ambao mvulana ameshaanza kuachiwa mbuzi, na ukishamwachia mbuzi kumrudisha darasani ni kazi.

Tumekubaliana kila kaya inayoweza itoe debe moja la mahindi kwa mwaka na shilingi 2,000 kwa mwezi. Inayoweza. Hapo ndipo kikao kilipochelewa kuisha. Mzee mmoja aliuliza asiyetoa atafanywa nini, na vijana wakataka mtoto wake arudishwe nyumbani. Mtendaji wa kijiji akawakumbusha kwamba tangu Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, mwalimu hashiki fedha ya mzazi na mtoto hafukuzwi kwa mchango. Anayetaka kuchangia, achangie kwa hiari yake kupitia uongozi, si kupitia darasani. Tumeandika kwenye muhtasari: mtoto hatajwi. Deni la mzazi litazungumzwa kwenye kikao cha wazazi, mwenyewe akiwepo.

Mimi ni katibu wa kamati, na shajara hii ni kazi niliyopewa siku hiyo.

Oktoba 2023

Msaragambo kila Jumamosi. Wanaume wanafyatua matofali, kina mama wanasomba maji na mchanga, vijana wanakata kuni za tanuru. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza El Niño, kwa hiyo tulikuwa tunashindana na mawingu. Tanuru la kwanza limeiva vizuri. La pili lilikuwa bado bichi mvua ilipoingia, na sehemu kubwa imerudi kuwa udongo.

Mwalimu amepatikana. Ni binti wa kitongoji cha jirani, ana cheti cha ualimu Daraja la III A, na kila ajira zikitangazwa huwa anaomba. Alituuliza swali moja tu: mahindi mtanipa, lakini mtanisikiliza? Wazazi wakacheka. Sikuona kwamba yeye alikuwa anatania.

Januari 2024

Tumefungua. Boma bado liko kwenye msingi, kwa hiyo ustadhi ametupa baraza la madrasa kwa asubuhi. Chuo chake huanza baada ya adhuhuri. Mabenchi yametoka kanisani. Ubao ni plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi. Shule mama imetuletea vitabu vichache na chaki.

Mwaka huu mtaala mpya umeanza kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Elimu ya msingi itakuwa miaka sita badala ya saba, na mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Kwetu umri huo ndio habari. Huko kwenye lami ni jambo la kawaida, lakini kwa kitongoji kama hiki, bila shule ya karibu, sharti la miaka sita lingebaki kwenye karatasi.

Jambo ambalo hatukulipangia ni lugha. Watoto wengi wa awali Kiswahili wanakisikia, ila nyumbani ni Kizigua. Mwalimu akisema "chora duara" wanamtazama. Wiki ya pili bibi mmoja, aliyekuwa amekuja tu kumsindikiza mjukuu, alianza kuwaelekeza kwa Kizigua akiwa ameketi pembeni anasuka ukili wake. Mwalimu hakumkataza. Tangu siku hiyo bibi anakuja karibu kila siku. Mwalimu husema kwa Kiswahili, watoto wakikwama bibi huwasogeza kidogo, kisha mwalimu hurudia kwa Kiswahili. Niliogopa Afisa Elimu Kata akipita atasema tumeweka mtu asiye na cheti darasani. Alipopita aliketi akasikiliza, akauliza bibi analipwa nini. Bibi akamjibu, "Nalipwa uji."

Machi 2024

Ramadhani. Uji unaendelea kupikwa kwa wadogo wasiofunga, zamu imeshikwa na kina mama wa Kikristo. Kamati haikukaa kulijadili.

Kuta zimefika kwenye madirisha. Saruji imepanda bei. Kwa sasa tumesimama.

Mei 2024

Masika ni nzito, na mwanzoni mwa mwezi ilikuwa habari za kimbunga Hidaya kila redio. Korongo limejaa kwa siku nyingi. Watoto wa darasa la tatu na kuendelea hawaendi shule mama. Hawa wadogo hawajakosa hata siku moja kwa sababu ya maji.

Wakubwa waliokwama wamekuwa wakija barazani. Mwalimu amewapanga kila mmoja na mtoto wa awali, wanawasomea hadithi kwa sauti. Kuna kijana wa darasa la tano ambaye kwa jinsi alivyokuwa anahangaika na ukurasa wa darasa la pili tumeelewa mengi kuhusu miaka iliyopita.

Julai 2024

Mwezi wa mavuno. Nitauandika kwa kirefu, maana hapa ndipo mradi ulipopata sura yake.

Tangu Februari tulikuwa na siku moja ya wiki, Jumatano, ambapo mzazi anaingia darasani na kitu anachokijua. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Baba mmoja alihutubia nidhamu hadi watoto wakasinzia. Mwingine alitaka kuwapeleka wakapalilie shambani kwake, akaliita somo la kilimo. Mwalimu alikataa mbele ya watu wote. Alisema mzazi akitaka kufundisha, wakae naye siku moja kabla, waseme mtoto atatoka anajua nini ambacho asubuhi hakukijua. Kama jibu hakuna, hakuna Jumatano.

Basi mzazi mmoja mwenye duka akaja na sado, ile ndoo ya rangi ya lita nne tunayopimia mahindi, na debe. Watoto wakamimina. Sado tano, debe moja. Sado kumi, madebe mawili. Jedwali la tano walikuwa wakiliimba kwa wiki kadhaa bila kulielewa. Sasa walikuwa wanalishika kwa mikono. Kisha gunia: debe sita. Mtoto mmoja akauliza mbona gunia la baba lina kilemba juu.

Hiyo ni lumbesa, na kila mkulima wa hapa anaijua. Mnunuzi anakuja na gunia analoliongezea kimo kwa kulishona na wavu, analijaza debe saba au zaidi, analipia bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inazuia gunia la mazao lizidi kilo 100, lakini sheria haikai shambani saa kumi na moja alfajiri fuso linapokuja. Mwalimu akaligeuza swali lile kuwa hesabu ya darasa la pili: debe moja bei gani, debe la juu limelipiwa na nani, magunia kumi ni madebe mangapi ya bure? Watoto wakaenda na swali nyumbani.

Jioni ile wazazi walikuwa barazani. Si kwamba walikuwa hawajui kwamba wanaibiwa, walijua. Ila hawakuwahi kuliona likiwa limeandikwa kwenye daftari kwa mwandiko wa mtoto wa miaka minane, na jumla chini yake. Wiki iliyofuata kaya kadhaa zilikataa kilemba na kuuza kwa mizani. Sijui kama mwakani watashikilia msimamo, mnunuzi naye ana njia zake. Lakini michango ya debe iliingia haraka kuliko tulivyotarajia, na sidhani kama ni kwa sababu ya hotuba zangu.

Kuna waliobaki na wasiwasi, na nauelewa. Kwenye kikao cha tarehe za mwisho za mwezi mama mmoja aliyesoma miaka ya 1980 alisimama akasema, "Sisi tuliambiwa ni Elimu ya Kujitegemea, tukalima shamba la mwalimu mkuu mpaka tukamaliza." Wengi waliitikia kwa kichwa. Mzee mwingine, aliyewahi kukaa upande wa Kwamsisi, akampa upande wa pili. Wilaya hii hii, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kwamsisi ilikuwa shule ya majaribio chini ya Chuo cha Ualimu Korogwe. Walimu walihesabiwa kama wanakijiji, kijiji kiliketi na walimu kupanga, na kazi ya kijijini iliingizwa kwenye masomo. Nyerere naye, kabla ya kuandika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, alikuwa ameshaiona Litowa huko Songea, shule ya vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambako watoto, walimu na wazazi waliishi na kupanga pamoja. Chama kile kilivunjwa Septemba 1969.

Maoni yangu, na niliyasema kikaoni: jembe lilisambaa nchi nzima, kikao hakikusambaa. Litowa na Kwamsisi mzazi alikuwa na neno. Kwingineko aliletewa agizo, na mtoto akapewa mpini. Kwa hiyo tumeweka kanuni mbili: hakuna kazi ya mtoto kwenye shamba la mtu yeyote, awe mwalimu au mjumbe wa kamati, na bustani ya shule ni ya mboga za uji tu, vitanda vinavyoweza kumalizwa kabla jua halijapanda.

Septemba 2024

Tumewapima watoto kusoma na kuhesabu. Tulifuata njia ya Uwezo, wale wanaopita kaya kwa kaya nchini kupima watoto kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili: herufi, neno, aya, hadithi. Mtoto anasimama pale anapokwama. Wapimaji walikuwa wazazi wenyewe, ila hakuna aliyepima wa nyumbani kwake.

Kazi kubwa ilikuwa kupeleka majibu. Badala ya kubandika majina ukutani, mzazi mpimaji alienda mlangoni kwa mzazi mwenzake, wakakaa, mtoto akasoma tena mbele ya mama na baba. Baba mmoja alishtuka kuona mwanawe "anasoma" ukurasa ambao kumbe ameukariri. Kitabu kilipogeuzwa juu chini aliendelea vilevile. Walicheka wote, mtoto pia. Tangu hapo baba yule ndiye mlinzi wa sanduku la vitabu.

Darasa la pili wengi wako kwenye aya au hadithi. Watoto wasiofika neno ni wachache na tunawajua kwa majina. Bibi wa ukili amewachukua kila asubuhi kabla ya kengele.

Boma limefika lenta.

Novemba 2024

Tarehe 27 ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwenyekiti wa kitongoji aliyeanzisha mradi hakurudi. Mpya alikuwa upande wa wale waliosema mwaka jana kwamba shule ni kazi ya serikali na sisi tunajitwisha mzigo wa watu.

Makabidhiano yalikuwa magumu kidogo. Fedha za mchango zinaandikwa kwenye daftari la kitongoji na stakabadhi ni za kijiji, kwa hiyo kila kitu kilikuwa na karatasi yake, isipokuwa mahindi. Mahindi yalikuwa kwenye ghala la mtu, na debe la mtu mmoja si debe la mwingine. Mwenyekiti mpya alidai yapimwe upya kwa mizani mbele ya wote. Baadhi ya wanakamati walinuna. Mimi nilifurahi: tumefundisha watoto mizani, halafu sisi tunakadiria kwa macho? Yakapimwa. Yalipungua kiasi, panya wakasingiziwa, na sasa ghala lina funguo mbili kwa watu wawili.

Februari 2025

Fedha za umaliziaji wa boma zimeingia kupitia shule mama. Ni utaratibu wa kawaida: wananchi wanapandisha kuta, serikali inaezeka, inapiga plasta na kuweka sakafu. Fundi ameanza kenchi. Tulibishana juu ya bati, geji 28 au 30, na geji 28 imeshinda kwa kura moja.

Mwanzoni mwa mwezi huu Rais Samia alizindua rasmi Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Elimu ya lazima sasa ni miaka kumi. Kwa watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, maana yake ni kwamba wataishia la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliotangulia wanamaliza la saba. Sekondari ya kata itapokea mikupuo miwili kwa pamoja. Hapa kwetu, wapo watoto wa kaya zile zile watakaoondoka pamoja, kaka na mdogo wake, na mzazi atatafuta sare mbili mwezi mmoja. Tumeliingiza kwenye ajenda ili lisitukute.

Mei 2025

Tumehamia kwenye jengo. Chumba kimoja na nusu: darasa na kijichumba cha mwalimu. Baraza la madrasa tumelirudishia chokaa mpya kwa shukrani.

Sasa suala la usajili. Mthibiti ubora wa shule amekuja akatupa orodha: madarasa zaidi, ofisi, nyumba ya mwalimu, vyoo kwa uwiano wa tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Tukitimiza, tunapata namba ya usajili inayoanza na EM, mwalimu mkuu wetu, walimu wa ajira ya serikali, na ruzuku yetu wenyewe: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 inakuja moja kwa moja shuleni kwa uendeshaji na 4,000 inabaki serikali kuu kununulia vitabu.

Nani angekataa? Nilidhani hakuna. Kumbe kikao kiligawanyika.

Wanaotaka wana hoja nzito: mwalimu mmoja kwa madarasa matatu ni mateso, kwake na kwa watoto, na hakuna mchango wa debe utakaolipa mwalimu wa pili. Wanaosita nao wana yao. Shule ikisajiliwa, walisema, mwalimu wetu haingii moja kwa moja kwenye ajira. Ataomba kama wengine, na anaweza kupangiwa Katavi huku mgeni asiyejua neno la Kizigua akiletwa hapa. Bibi je, ataambiwa akae nje ya geti? Na wazazi wakishaona kuna mwalimu wa serikali, nani atakuja tena msaragambo? Mwenyekiti mpya, yule aliyekuwa anasema ni kazi ya serikali, ndiye aliyesema maneno niliyoyaandika kwa mistari miwili chini yake: "Serikali ije, lakini ikute watu ndani."

Mwalimu aliombwa aseme. Alisema anataka usajili, hata kama yeye ataondoka, kwa sababu watoto wa darasa la tatu bado wanavuka korongo.

Julai 2025

Kura imepigwa na usajili umeshinda kwa wingi. Tumepeleka barua kwa serikali ya kijiji pamoja na muhtasari wa kikao, na ndani yake wazazi wameweka mambo manne watakayoendelea nayo, shule iwe na namba au isiwe nayo. Jumatano ya wazazi ibaki, sasa chini ya somo la Sanaa na Michezo kwa darasa la tatu tutakalolifungua. Kusoma mlangoni kuendelee kila Septemba. Bibi na wenzake wawili waandikwe kama wasaidizi wa awali. Na posho ya mwalimu wetu iendelee kutolewa na kaya hadi ajira yake itakapotoka, awe hapa au awe amepangiwa kwingine, isizidi mwaka mmoja. Hilo la mwisho lilipita bila mjadala.

Kazi zilizo mezani: mashimo mawili ya choo yameshachimbwa, la wasichana linahitaji mawe zaidi kwa sababu ya udongo wa tope. Kiwanja cha nyumba ya mwalimu kimepatikana, familia moja imetoa robo eka na tunasubiri mtendaji aandike hati ya makabidhiano. Mahindi ya mwaka huu yamepimwa kwa kilo, si kwa debe. Msaragambo ujao ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Wenye mikokoteni waje nayo.